Kichwa Kilicho Chini ya Kofia



Leo sikukusudia kukuandikia juu ya saumu wala mirathi, wala ndoa na talaka, mambo ambayo nimezoea kuulizwa hapa Mbingu. Nataka nikuandikie juu ya kichwa; si akili iliyomo ndani yake, bali ngozi yake na nywele zake, na juu ya chupa moja ndogo ya shampuu yenye dawa. Najua watakuwapo watakaosema, "Shehe wa miaka sitini na zaidi ana nini na shampuu?" Nawaomba wasubiri mpaka mwisho. Nina kisa, na kisa chenyewe kinanihukumu mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwanza na tukubaliane kuwa jambo hili si dogo. Mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa Hudaibiya pamoja na Masahaba wake hali wamo katika ihramu, alimwona Kaab bin Ujra (r.a.) chawa wanamwanguka usoni kutoka kichwani. Hakumcheka wala hakumtenga na wenziwe. Alimwuliza kama anaudhika. Na alipojibiwa kuwa ndiyo, akamruhusu anyoe kichwa chake, ilhali aliye katika ihramu haruhusiwi kunyoa, na badala yake afunge siku tatu, au alishe masikini sita, au achinje. Na Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, imemtaja mwenye udhia wa kichwani na kumfungulia njia. Tena tunasoma kwamba Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam (r.a.) waliruhusiwa kuvaa hariri, iliyo haramu kwa wanaume, kwa sababu ya upele uliokuwa ukiwawasha. Basi ikiwa sheria ya Mwenyezi Mungu imesimama kidogo ili kuangalia mwasho wa ngozi ya mtu, mimi ni nani hata nione haya kuandika juu yake?

Sasa sikiliza habari yangu.

Baba yangu alituleta katika bonde hili la Kilombero tukiwa wadogo, wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, baina ya mwaka 1970 na 1975. Kazi ya reli ilipokwisha, baba hakuondoka. Alipata shamba la mpunga, na sisi tukakulia hapa, milima ya Udzungwa upande mmoja na mbuga ya mto Kilombero upande wa pili. Nilisoma kwa walimu wa Ifakara, na nilipojaaliwa kiasi cha elimu nikarudi Mbingu, nikafungua madrasa. Tangu hapo sijafanya kazi nyingine ila kusomesha na kulima.

Nilipofikia umri wa miaka hamsini hivi, kichwa changu kilianza kuwasha. Magamba meupe yalinidondoka juu ya mabega ya kanzu kama pumba za mchele, na nywele za utosini zikawa nyepesi, nikichana zinabaki kitanani. Nilijaribu mafuta ya nazi, nikajaribu ndimu, nikajaribu na dawa moja ya majani niliyopewa na jirani. Nilikuwa nikipata nafuu ya siku mbili kisha mambo yanarudi palepale. Mwishowe nikafanya wafanyavyo wengi: nikavaa kofia. Niliivaa barazani, niliivaa shambani, niliivaa ndani ya nyumba mpaka mke wangu akaniuliza kama nakusudia kuzikwa nayo.

Hata katika udhu nilipata ujanja. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, mtu akipaka maji sehemu tu ya kichwa inamtosha. Basi nilikuwa nikiinua ukingo wa kofia kidogo, nikapitisha vidole vilivyo maji, nikaishusha. Udhu wangu ulikuwa sahihi. Lakini ruhusa iliyowekwa ili kuturahisishia ibada, mimi niliitumia kuficha magamba yangu.

Mwaka 2013 nilikwenda Ifakara kwa shughuli ya mirathi ya jamaa. Nikaingia katika duka la dawa lililo mbali na msikiti, nisije nikaonekana na mtu anijuaye. Nilimkuta binti mmoja mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee wangu," aliniamkia. "Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu," nilimjibu, kisha nikamnong'oneza.

Akaniomba nivue kofia. Nilitazama mlangoni kwanza, ndipo nikavua. Akaangalia, akasema, "Mzee wangu, huu ni mba tu, wala usione haya. Chukua shampuu hii. Osha mara mbili kwa wiki. Povu lake usilisuuze upesi, liache dakika tano, ndipo usuuze. Fanya hivyo wiki nne, kisha njoo unieleze."

Bei yake ilikaribia bei ya debe la mpunga, nami niliona uchungu, lakini nilitoa. Na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, mwezi haukwisha ila kichwa kilikuwa safi. Mwasho ulikwisha, magamba yalikwisha, na nywele ziliacha kunyonyoka kwa wingi ule, ingawa zile za utosini zilizokuwa zimekwenda kwa umri hazikurudi. Chupa niliificha katika sanduku la vitabu, nyuma ya vitabu vya fiqhi, nikawa naitumia mara moja moja kila baada ya wiki mbili ili maradhi yasirudi. Hakuna aliyejua ila mke wangu.

Hapa, ndugu msomaji, niruhusu nikueleze jinsi dawa ile inavyofanya kazi, kwani bila ya hilo hutafahamu kosa langu. Katika ngozi ya kichwa cha kila mtu mzima huishi fangasi wadogo sana wasioonekana kwa macho, wanaojilisha mafuta ya ngozi. Kwa watu wengi hawaleti taabu. Kwa wengine ngozi haistahimili kuwapo kwao, ikawa inawasha na kujichubua haraka kuliko kawaida. Na ule mchubuko ndio mba. Shampuu yenye dawa kama ketokonazoli huwapunguza fangasi hao, na ngozi ikatulia. Yote haya hutendeka juu ya ngozi, mahali ambapo povu hufika. Likumbuke neno hilo: mahali ambapo povu hufika.

Tuje katika madrasa yangu. Mimi ni mtu wa adabu za kale. Mtoto wa kiume haketi mbele ya Msahafu kichwa wazi. Lakini wazazi wengine hawana uwezo, na wengine watoto wao wamekwisha zipoteza kofia mara tatu. Basi Mwislamu mmoja mwenye kheri alinipa kofia kadhaa, nikazitia katika kapu mlangoni. Mtoto akija bila ya kofia huchukua moja, na akiondoka huirudisha. Niliona nimefanya jambo jema, na wallahi nia yangu ilikuwa njema.

Kila mwaka palikuwapo watoto wenye mapunye. Kwa asiyeyajua, ni yale mabaka ya mviringo kichwani, yenye ukurutu mweupe, na nywele zake zimekatika karibu na ngozi. Mimi niliyaona kuwa ni uchafu basi. Nilikuwa nikiwasomea watoto habari za usafi na imani, kisha nikawaambia wenye mapunye wakae nyuma karibu na mlango. Na ili wenzao wasiwatazame, nikawaamrisha wavae kofia. Wengi wao hawakuwa nazo. Walichukua katika kapu.

Katika mwaka 2016 alinijia mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga kama sisi sote, na mwanawe wa miaka tisa. Sitawataja majina.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mama. Kulikoni?"

"Mtoto hataki tena kuja kusoma. Anasema wenzake wanamwita Punye. Nimempaka vitunguu saumu, vimemchoma tu. Jirani kaniambia nimpake maji ya betri, nikaogopa. Nimepata nauli kidogo, nataka nimpeleke Ifakara akaonekane."

Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa hodari wa kuhifadhi, yu katika juzuu ya tatu. Nikaikumbuka chupa yangu. Na hapa ndipo nafsi iliponidanganya, kwa sababu ilinijia katika sura ya huruma. Nikamwambia yule mama, "Nauli yako iweke, ununulie mbegu za mpunga. Dawa ya maradhi haya ninayo mimi, na nimekwisha iona kwa macho yangu ikiponya." Sikumwambia niliiona ikiponya kichwa cha nani.

Jumamosi ile niliwaketisha watoto tisa kisimani, nikawaosha vichwa mmoja mmoja. Niliacha povu dakika tano kama nilivyofundishwa. Niliwaosha mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki tatu. Ukurutu ulipungua sana, vichwa vikang'aa, na wazazi wakaniombea dua. Yule mama alinishukuru kwa machozi. Nikamwambia, "Amepona." Neno hilo, "amepona," lilitoka kinywani mwangu, na mimi si tabibu wala sijapata kusoma ukurasa mmoja wa utabibu.

Msimu wa kuvuna ukaingia. Wanaokaa bonde hili wanajua: watu huhamia mashambani, hulala katika madungu na vibanda, watoto watatu au wanne katika mkeka mmoja na shuka moja. Waliporudi, yule mtoto aliletwa kwangu amebebwa. Upande wa kichwa ulikuwa umevimba, laini kama papai lililoiva, unatoka usaha, na nywele za mahali pale ukizigusa zinatoka zenyewe. Tezi za nyuma ya shingo zimemvimba na homa anayo. Sikungoja. Niliuza gunia moja la mpunga wangu, tukaenda hospitalini Ifakara, mimi, mama na mtoto.

Tabibu aliyempokea alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Aling'oa nywele chache zilizokatika, akazipeleka maabara. Kisha akatuuliza tulimtibu kwa nini. Mama akanitazama mimi. Nikatoa chupa mfukoni.

Kijana yule hakunikemea. Alisema, "Shehe, shampuu hii ni dawa nzuri, lakini umeituma mahali isipofika. Mba uko juu ya ngozi. Mapunye ni fangasi wa namna nyingine; huingia ndani ya unywele wenyewe mpaka chini katika shina lake, chini ya ngozi. Povu linapita juu, adui yumo ndani ya nyumba amefunga mlango. Ndiyo maana ukurutu ulipungua ukadhani kapona. Dawa yake ni ya kumeza, ili ipite katika damu na kuingia katika unywele unapoota."

Akamwandikia vidonge vya griseofulvini, avimeze kila siku kwa muda wa wiki nane, baada ya chakula chenye mafuta, kwani mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Nikamwuliza, "Basi shampuu haina kazi?" Akacheka kidogo. "Ina kazi kubwa, Shehe. Mwosheni nayo mara mbili kwa wiki pamoja na vidonge, na waosheni wote wanaolala naye. Itaua mbegu za fangasi zilizo juu ya nywele, asiwaambukize wengine. Wapo watoto wanaobeba mbegu hizo wala hawana dalili hata moja." Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia: "Mtoto huyu huvaa kofia ya nani?"

Nikanyamaza. Mama akajibu kwa niaba yangu, bila ya ubaya wowote: "Ya madrasa."

Ndugu msomaji, kapu langu la kofia lilikuwa shamba la mapunye. Mbegu za fangasi hao hukaa muda mrefu katika kofia, katika kitana, katika mto wa kulalia na katika mashine ya kinyozi. Nilichokitoa kwa jina la adabu ndicho kilichowapitishia watoto maradhi, kichwa hata kichwa, mwaka hata mwaka. Na kila aliyeugua nilimlaumu kwa uchafu, nikamweka nyuma, nikamvisha tena kofia ileile.

Tokea siku ile nimejitahidi kuuliza na kusoma juu ya jambo hili, na nimeona kuwa sisi tumejaaliwa neema ambayo waliotutangulia hawakuipata. Mwaka 1904 huko Paris, katika hospitali ya Saint-Louis, daktari Raymond Sabouraud alianza kuwatibu watoto wenye mapunye kwa miale ya eksirei, ili nywele zote zianguke na fangasi watoke nazo. Wakati ule ilionekana ni maendeleo makubwa, na njia hiyo ikaenea nchi nyingi. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kuwa baadhi ya watoto waliopigwa miale ile walipatwa na saratani ukubwani. Griseofulvini ilipatikana kutoka katika ukungu mwaka 1939 na Harold Raistrick na wenziwe wa London, lakini mpaka mwaka 1958 ndipo Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwa wanyama wa maabara kuwa ikimezwa huponya fangasi wa namna hii. Tazama basi: tiba ya kumeza ambayo leo mtoto wa mkulima wa Mbingu anaweza kuipata, mtoto wa tajiri wa Paris wa zama zile hakuwa nayo.

Wala usidhani bonde letu limesahauliwa katika elimu hii. Wanafunzi 224 wa shule za msingi za Wilaya ya Kilombero, wenye fangasi za ngozi, walifanyiwa utafiti: wengine wakapewa sabuni yenye dawa ya triklosani, wengine sabuni isiyo na dawa, bila ya wao wala wapimaji kujua nani kapewa ipi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa kuoga kwa sabuni mara kwa mara kulileta manufaa, na kwamba ile yenye dawa haikuishinda ile ya kawaida. Na huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kipo chuo cha maradhi ya ngozi kinachowafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Wenye elimu wanavichunguza vichwa vya watoto wetu, nasi tulio karibu nao tunavifunika kwa kofia.

Tuliporudi Mbingu, Ijumaa iliyofuata niliomba ruhusa baada ya sala, nikasimama. Nilikusudia kusema maneno mengi, nikasema machache. Niliwaeleza juu ya kapu la kofia. Niliwaeleza kuwa nimemzuia mama asimpeleke mwanawe hospitalini. Kisha nikavua kofia yangu, nikawaeleza habari ya mba wangu na chupa niliyoificha. Baadhi ya wazee hawakupenda. Mmoja aliniambia nimejivunjia heshima. Nikamjibu kuwa heshima iliyosimama juu ya kichwa cha mtoto wa mjane, heri ivunjike.

Kofia zile tulizichemsha, kisha nikampa kila mtoto ya kwake, jina limeandikwa ndani. Asiye na kofia husoma kichwa wazi, na hakuna anayekaa nyuma kwa ajili ya maradhi. Wale wanane wengine tuliwapeleka wakaangaliwa. Watano walihitaji vidonge, wakapona.

Na yule mtoto? Alimeza dawa zake mpaka mwisho, uvimbe ukaisha, nywele zikaota kichwa kizima ila mahali pamoja juu ya sikio la kulia, pana kiasi cha sarafu ya shilingi mia mbili. Pale pana kovu. Uvimbe ule ulikuwa umekwisha unguza mashina ya nywele, na shina likifa haliotwi tena na kitu, si kwa shampuu wala kwa kidonge. Lau angepelekwa siku ile mama yake alipokuwa na nauli mkononi, nywele zake, inshaallah, zingeota zote. Nilimwendea yule mama nikamwomba radhi. Akaniambia, "Maalim, nimekusamehe. Lakini mwombe na yeye." Nami nilimwomba, na yeye akiwa na miaka tisa akaniitikia, "Haya," kama watoto wasemavyo.

Utakuwa umepata kusikia, ndugu msomaji, hadithi ya watu watatu wa Bani Israili: mwenye barasi, mwenye upara wa maradhi, na kipofu. Malaika alimwendea kila mmoja, akampa alichokitamani. Yule mwenye kichwa kibovu alitamani nywele nzuri, na watu waache kumkirihi. Akapanguswa, akapata nywele, akapata na ng'ombe, wakazaana mpaka wakajaa bonde. Baada ya muda malaika yule akamrudia katika sura ya mtu masikini mwenye kichwa kibovu kama alivyokuwa yeye zamani, akamwomba msaada. Naye akamkana, na akakana kuwa yeye aliwahi kuwa hivyo. Hadithi hii nimeisomesha miaka mingi. Sikupata kujua kuwa inanihusu. Mimi niliponywa kichwa changu, nikaficha dawa nyuma ya vitabu. Na waliponijia wenye kichwa kama changu nikawaweka mlangoni. Na nilipowahurumia, niliwahurumia bila ya kuuliza.

Sasa naomba nikuachie mambo machache ya kukufaa.

La kwanza: tofautisha baina ya mtoto na mtu mzima. Mtoto mwenye ukurutu kichwani na nywele zilizokatika, mshuku mapunye, wala usimwoshe shampuu ukaridhika. Mpeleke zahanati apate dawa ya kumeza, na usiikatize kabla ya muda wake. Mtu mzima mwenye magamba na mwasho, bila ya mabaka wala nywele kukatika, aghalabu ni mba, na shampuu yenye dawa humtosha, mara mbili kwa wiki, povu likae dakika chache. Asipopata nafuu ndani ya mwezi, naye aende akaonekane.

La pili: si kila unyonyokaji wa nywele ni fangasi. Upara wa urithi ni wa urithi. Mwanamke aliyejifungua huweza kunyonyokewa kwa miezi, kisha zikarudi zenyewe. Mtu aliyetoka katika homa kali huweza kupatwa na hayo hayo. Na mabinti zetu wanaosukwa misuko ya kubana tangu utotoni hupoteza nywele za kipajini kwa sababu ya kuvutwa. Hao dawa yao ni kulegeza msuko mapema. Mwaka 1998 wataalamu wa Ubelgiji walichapisha utafiti mdogo ulioonyesha kuwa shampuu ya ketokonazoli huenda ikasaidia kidogo hata katika upara wa urithi. Lakini huo ni mlango uliofunguliwa nusu, si ahadi. Anayekuuzia chupa na kukuapia kuwa nywele zote zitarudi, mwambie aanze na kichwa cha baba yake.

La tatu: jihadhari na dawa zisizojulikana. Maji ya betri ni tindikali, huunguza ngozi na kuacha kovu lisilo na nywele. Wala usiende dukani ukanunua vidonge vya ketokonazoli ukidhani ni kitu kimoja na shampuu yake. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Ulaya walitaka vidonge hivyo viondolewe katika tiba ya fangasi, na Marekani ikaviwekea mipaka mikali, kwa kuwa vyaweza kudhuru ini. Shampuu hubaki juu ya ngozi, ndiyo maana haina hatari hiyo.

La nne: kofia, kitana, taulo na mtandio, kila mtu na chake. Kinyozi mwombe asafishe mashine kwa dawa kabla ya kukugusa. Si dharau, ni haki yako na haki ya atakayekufuata.

La mwisho, na hili nawaambia walimu wenzangu: mtoto akija kwako na udhia, usianze kwa kumhukumu. Mwulize anaudhika wapi, kama Kaab alivyoulizwa. Kisha ukijua unachokijua kisema, na usichokijua mpeleke kwa anayekijua. Tumeamrishwa kuwauliza wenye elimu, na amri hiyo haikumtoa mwalimu wa madrasa.

Yule mtoto sasa ni kijana wa kumi na minane, anaendesha bodaboda baina ya Mbingu na vijiji vya jirani. Amehifadhi juzuu kumi. Kila anikutapo hunipa shikamoo kwa mikono miwili. Lakini miezi michache iliyopita tulikutana bombani msikitini, nikamwona akitawadha. Alipofika kichwani aliinua ukingo wa kofia kidogo, upande wa kushoto, akapitisha vidole, akaishusha.

Nilisimama pale na maji yakinichuruzika mikononi. Ujanja ule ni wangu; hakuna aliyemfundisha, lakini mimi ndiye niliyempa sababu. Nikavua kofia yangu, nikaiweka juu ya ukuta, nikapaka maji kichwa changu chote, mbele mpaka nyuma, taratibu. Sikumwambia neno. Siku hizi natawadha hivyo kila sala, na kila Ijumaa najitahidi kuwahi bombani anapokuwapo. Yeye bado anainua ukingo. Niombeeni nipate umri wa kumngojea.

Wabillahi tawfiq.